Kuhusu Mnunuzi wa Cherehani Zetu

Duka la Ushonaji,
Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Mlango wa tatu kutoka kona.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la kushoto limepunguza kukusumbua unapopanda ngazi. Wajukuu mapacha wameanza kutembea? Mara ya mwisho uliandika kwamba mmoja anatambaa kinyumenyume, tukacheka hapa mpaka Baba akadai wewe mwenyewe ulianza hivyohivyo.

Sisi huku ni wazima. Kidonda cha Baba kwenye kiganja kimefunga. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la vitambaa, ila hakuna la kutisha. Mimi nimemaliza shule, kama unavyojua, na matokeo bado. Watu wakiniuliza nafanya nini siku hizi, nilikuwa nasema "nipo tu." Sasa nina jibu jingine, nalo ndilo limenifanya nikae chini niandike.

Unanijua, Shangazi. Nikishika simu maneno yote hunikimbia, nabaki kusema "ndiyo" hata mahali pa hapana. Si bure uliniita Kimya, na jina likanikaa. Kwa hiyo naandika. Nina jambo la kukuomba radhi na jambo la kukueleza, na huwezi kulielewa moja bila jingine.

Barua ya Mama uliyokuwa ukiisubiri tangu mwezi uliopita haikupotea njiani. Haikutoka hapa nyumbani. Mimi ndiye niliyeizuia.

Ulipotuandikia kwamba umepata mnunuzi wa cherehani zote tatu pamoja na meza ya kukatia, na kwamba tunaweza kuja kukaa kwako hadi mambo yatengemae, Mama aliisoma barua yako mara mbili akaikunja. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimefungwa miezi minane. Sikuelezi habari za kiwanda, Baba alishakueleza. Nataka uuone mtaa. Kinyozi alikuwa akikaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo. Mwoka mikate aliyekuwa akitoa trei sita asubuhi sasa anatoa moja, tena ndogo. Duka la viatu lina karatasi mlangoni imeandikwa "Tunarudi punde", na punde hiyo ina miezi minne. Wale dada wawili waliokuwa wakimsaidia Mama kushona walishaondoka kutafuta maisha kwingine. Siku moja kazi yetu yote ilikuwa zipu moja ya sketi. Mama aliibadilisha polepole sana ili imfikishe jioni.

Ndipo akaniita. "Chukua kalamu. Mwandikie wifi yangu kwamba tumekubali. Mnunuzi aje wiki ya kwanza ya mwezi ujao." Alisema hawezi kukupigia kwa sababu sauti ingemwumbua. Nikaandika. Nililia kidogo, nikasingizia mafua. Nikatia karatasi kwenye bahasha, nikabandika stempu, nikaenda mpaka posta, nikasimama mbele ya sanduku. Shangazi, mkono uligoma. Sikuwa na mpango wowote kichwani. Nilijua tu kwamba bahasha ikishadondoka mle ndani, hakuna wa kuichomoa. Nikarudi nayo nyumbani, nikaificha ndani ya atlasi yangu ya shule.

Mama akawa anamsubiri mnunuzi. Wewe ukawa unasubiri jibu. Nyote wawili hamkupiga simu, kila mmoja kwa heshima yake. Na mimi katikati nikawa sili vizuri.

Siku mbili baadaye nilimsindikiza Baba hospitali kubadilisha bandeji. Muuguzi aliyemhudumia alikuwa mcheshi, lakini pindo la gauni lake lilikuwa limefumuka, naye alikuwa amelishikiza kwa plasta. Plasta ileile ya vidonda! Nikaitazama mpaka akaniona. Akacheka. "Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Hizi zinatoka mbali, zinakuja na katoni. Zinafumuka kabla hujamaliza mwezi, na ukiomba nyingine unasubiri wiki sita." Nikasema kwa sauti ndogo kwamba mama yangu ni fundi, duka liko nyuma ya soko, dakika tano kwa miguu. Akasema, "Basi usiniambie mimi, kamwambie mama wa stoo."

Mama wa stoo ndiye anayeagiza vitu vyote vya hospitali. Nilikwenda kwenye mlango wake mara tatu. Mara ya kwanza nilifika nikageuka. Mara ya pili niliinua mkono kubisha, nikasikia mtu akikohoa ndani, nikakimbia. Mara ya tatu niliandika kila kitu kwenye karatasi: sisi ni nani, tunashona nini, kwamba pindo la muuguzi limeshikizwa kwa plasta na nusu ya mafundi wa mji huu wamekaa bila kazi upande wa pili wa barabara. Nikaipenyeza chini ya mlango. Kabla sijafika kwenye ngazi mlango ukafunguka.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Una mdomo?"

"Ninao."

"Basi ingia uutumie."

Sikumbuki vizuri nilichosema. Nakumbuka alichosema yeye. Kitambaa anacho, majora manne ya buluu yamelala stoo tangu mwaka juzi. Atatupa hayo, na gauni moja la mfano. Anataka sitini kwa wiki tatu, kwa saizi tatu, na zote zifanane kama zimetoka tumbo moja. "Zikipishana, narudi kwa watu wangu wa zamani, na usinipitishie tena makaratasi chini ya mlango."

Nilimpelekea Mama habari hiyo nikidhani atafurahi. Alinitazama kama niliyemletea nyoka ndani ya kikapu. "Nani alikutuma? Sitini? Mimi na nani? Na cherehani zenyewe zimeshauzwa!" Hapo nusura nitoboe siri. Nikaimeza. Jioni akashika kile kitambaa, akakivuta, akakinusa, unajua anavyonusa vitambaa. Akasema, "Haya. Tuzishone hizi za mwisho. Angalau cherehani ziondoke hapa zikiwa na joto."

Lakini peke yake asingeweza, na fundi mwingine wa maana mtaani ni Bwana Suti. Wewe humjui, alihamia baada ya wewe kuondoka. Ni mzee mrefu anayevaa tai hata akiwa anafagia. Yeye na Mama walikuwa hawasalimiani tangu alipoandika ukutani kwake "Fundi Nambari Moja", Mama naye kesho yake akaandika kwetu "Fundi wa Kweli". Mama akakataa kwenda. Nikaenda mimi.

"Eh, binti wa Fundi wa Kweli! Umetumwa kupeleleza?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja na kazi."

"Unaomba kazi au unaleta kazi?"

"Naleta."

Akavua miwani. Akaniambia kwamba mteja wake wa mwisho alileta suti ambayo Bwana Suti mwenyewe alimshonea, akaomba ipunguzwe imtoshe mwanawe. "Nimekata suti yangu kwa mkasi wangu, Kimya. Unajua inavyouma?" Kisha akauliza kazi inaanza saa ngapi, akaongeza kwamba jina la ukutani halitafutwa hata iweje.

Wa tatu alikuja Mama Vifungo, anayetengeneza vitundu na kubandika vifungo barazani pake. Huyo hahitaji kuitwa. Alisikia, akafika na kigoda chake na maneno ya kutosha wiki tatu. Tukakusanyika wote dukani kwetu kwa sababu ya meza kubwa. Bwana Suti na Mama Vifungo wakakata viwiliwili, Mama akakata mikono na kola, mimi nikapanga na kuhesabu. Na kaka yako, Shangazi, mtu aliyekaa kiwandani miaka kumi na tisa akiendesha mtambo mkubwa kuliko nyumba yetu, akapewa pasi. Siku ya kwanza alinuna. Siku ya tatu alikuwa anatufundisha sisi namna ya kupiga pasi kola.

Siku ya sita Mama alianza kuunganisha. Mkono wa kwanza ukakataa kuingia kwenye kwapa. Ukabaki na kitambaa cha ziada, akakivuta kidogokidogo mpaka bega likatuna. Wa pili vilevile. Akalivaa gauni juu ya nguo zake, akasimama katikati ya duka. Mama Vifungo akasema, "Wauguzi wa hospitali hii wakikimbilia mgonjwa watapaa."

Hakuna aliyecheka. Mama akasema viwiliwili vimekatwa vibaya. Bwana Suti akasema amekata nguo tangu Mama yuko shule, mikono ndiyo mibaya. Mama akasema labda nambari moja ni alama aliyopata darasani. Bwana Suti akaanza kukunja tai yake na kuiweka mfukoni, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikachukua tepu ya kupimia ya Mama na tepu ya Bwana Suti, nikazilaza mezani sambamba, na rula yangu ya shule katikati.

Tepu ya Mama imekaa shingoni mwake tangu kabla sijazaliwa, na imevutika. Inchi zake ni ndefu. Tepu ya Bwana Suti ilikatwa na mkasi zamani, haina inchi ya kwanza. Yeye anajua, kila akipima anaongeza inchi moja kichwani. Lakini vile viwiliwili karibu vyote vilipimwa na Mama Vifungo kwa tepu hiyohiyo, na hakuna aliyemwambia. Mafundi wote watatu ni wazuri. Ila kila mmoja alikuwa amezoea ugonjwa wa tepu yake. Ukishona peke yako, tepu hukudanganya sawasawa mwilini na mkononi, na nguo inakubaliana. Sisi tulikuwa tumeunganisha uongo wa aina mbili.

Bwana Suti aliziinamia zile tepu. Kisha akasema, "Miaka ishirini na mbili na tepu hii," na mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mama naye akashindwa kujizuia. Ndiyo mara ya kwanza kuwaona wakitazamana.

Kicheko kiliisha tulipohesabu. Mikono ingepunguzwa, hiyo ni rahisi. Viwiliwili vya saizi kubwa tungevishusha kuwa vya kati, na vya kati kuwa vidogo. Lakini tisa vilikuwa tayari vidogo, havikuwa na pa kushukia. Tukabaki pungufu ya kitambaa cha magauni tisa. Mama Vifungo akasema sokoni kuna buluu inayokaribia. Mama akasema itakaribia mpaka siku ya kwanza ya kufuliwa. Kisha Mama akakaa kwenye kiti chake, akaweka mikono mapajani.

"Basi," akasema. "Tumejitahidi. Tuwarudishie kitambaa chao kilichobaki. Mnunuzi wa wifi yangu anakuja wiki ijayo hata hivyo."

Shangazi, sijui niliitoa wapi sauti. Nikasema, "Mama, mnunuzi haji. Barua sikuituma."

Baba alisahau pasi mikononi mpaka tukasikia harufu ya kitambaa cha mezani kikiungua. Mama akauliza, "Iko wapi?" Nikasema iko kwenye atlasi. Akauliza, "Ukurasa gani?" Nikasema wa bahari. Sijui kwa nini aliuliza, na sijui kwa nini nilijibu. Nilikuwa nasubiri kofi au kilio.

Mama akasimama. Akasema, "Kumbe hizi cherehani bado ni zangu." Akatembea mpaka kwenye ile ya dirishani, akaigusa gurudumu. Kisha akanigeukia, na uso wake haukuwa na mzaha. "Umesema uongo kwa mwezi mzima, na hilo nitakushughulikia siku yake. Kesho asubuhi utakwenda stoo. Utamwambia yule mama kila kitu. Kwa mdomo, si kwa karatasi. Umeanza, utamaliza."

Nilikwenda. Nilibisha mara moja tu. Nikasema tumekosea, nikaeleza kuhusu tepu, nikamwonyesha kwa mikono yangu, nikasema tumeharibu magauni tisa na kwamba tunaomba kitambaa. Mama wa stoo alisikiliza akiwa anaandika, sikujua kama ananisikia. Alipomaliza akaweka kalamu.

"Wale wa mbali waliniletea pungufu nane mwaka jana, wakaniambia sijui kuhesabu. Wewe unaniletea kosa ambalo sijaliona." Akanipimia kitambaa cha tisa. "Hiki mtakirudisha kwa jasho. Foronya arobaini, bure. Na siku sikuongezei."

Tangu hapo tulifanya kazi kwa namna nyingine. Tulinunua tepu moja mpya, na Bwana Suti akakata kila kipande kwenye boksi gumu: mwili, mkono, kola, kwa saizi zote tatu. Hakuna aliyeruhusiwa kupima tena. Unalaza boksi juu ya kitambaa, unachora kwa chaki, unakata. Kazi yangu ikawa kukagua. Kila kipande kilipita kwangu, na kisichofanana na boksi nilikirudisha, hata kama aliyekikata ni Mama. Bwana Suti akanipachika cheo cha polisi. Niliwarudishia wote. Yeye nilimrudishia mara nne.

Ijumaa tulipeleka sitini. Mama wa stoo alichomoa saba bila kuchagua, akazilaza moja juu ya nyingine mezani, akapapasa kingo kwa kidole kuzunguka. Mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu, vidole viliniuma. Mama wa stoo akakuta mbili zenye kitundu cha kifungo kilichokaa upande. Mama Vifungo akatoa sindano kwenye mtandio wake, akazirekebisha palepale akiwa amesimama, bila kusema neno, na kwa Mama Vifungo huo ni muujiza. Mama wa stoo akapiga muhuri. Kisha akasema ana wodi mbili zinazohitaji mashuka na nguo za wagonjwa, na kwamba kuanzia sasa ataagiza kwetu kila robo ya mwaka mradi boksi lisibadilike.

Sitaki kutia chumvi. Hatujaokoka. Kinyozi alifunga Jumatano, amekwenda kwa mdogo wake. Duka la viatu bado "linarudi punde". Kazi hii inatutosha watu watano, wala si kwa anasa. Lakini wauguzi sita wameshakuja wenyewe kushonesha nguo za nyumbani, na Mama amempelekea mmoja wa wale dada wawili ujumbe wa kumwuliza kama angependa kurudi. Na jana mwoka mikate alikuja, akasimama mlangoni akiwa na unga kwenye nyusi. Amesikia mkate wa wodini nao hutoka mbali, hufika umeshakauka. Akaomba nimwandikie karatasi ya kupenyeza chini ya mlango. Nimemwambia siandiki, ila Jumatatu saa mbili nitakwenda naye, tubishe pamoja.

Ningependa na wewe, Shangazi, uulize huko kwenu nguo za hospitali na mikate ya shule vinatoka wapi. Uliza tu. Mimi nimejifunza kwamba watu wengi huagiza mbali kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kuwaambia yupo karibu.

Tafadhali usimkasirikie Mama kwa kukaa kimya, alidhani amekujibu. Kama kuna wa kukasirikiwa ni mimi, na nitaipokea hasira yako bila kubisha. Ulitufungulia nyumba yako wakati wengine wakifunga milango, na hilo hakuna anayelisahau hapa. Mnunuzi mwombe radhi kwa niaba yangu. Kuhusu jibu lenyewe, nilimwuliza Mama nikuandikie nini. Alikuwa na pini tatu mdomoni, akasema bila kuzitoa: "Mwambie wifi cherehani haziuzwi. Ziko kazini."

Baba anakusalimu na kukutaarifu kwamba sasa ana cheo cha mkuu wa pasi. Bwana Suti na Mama Vifungo wanasalimu ingawa hawakujui. Nisalimie binamu zangu wote, wabusu mapacha, yule wa kinyumenyume umbusu mara mbili. Mungu akutunze, akuzidishie afya na watu wema wa kukuzunguka, na siku tutakapoonana atukute sote tuna kitu mkononi cha kufanya.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye leo kama jana,

Kimya